Nilikuwa kocha wa tenisi Voi, na mchezaji wangu alianza kushinda siku nilipofukuzwa uwanjani

Wakuu, salamu zenu popote mlipo, wa bara na wa pwani, na sisi wa katikati tunaopigwa na upepo na vumbi jekundu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, muda mrefu sasa. Leo nimeamua kuandika kwa sababu juzi kuna kijana alileta uzi akilalamika eti kocha wake wa mpira hajui kazi. Nilicheka hadi mke wangu akaja kuniangalia kama niko sawa.

Kijana, wewe hujawahi kuona kocha asiyejua kazi. Mimi hapa ndiye baba yao.

Nitakayosema ni ukweli mtupu, hata yale yananiaibisha, na hayo ndiyo mengi. Majina nimebadilisha. Langu sitataja kabisa, nina wajukuu.

Haya, kaeni vizuri.

Nilikulia karibu na shamba moja la mkonge nje ya Voi. Miaka ya sitini mameneja wa shamba walikuwa na klabu yao, na nyuma ya klabu kulikuwa na uwanja mmoja wa tenisi. Ulitengenezwa kwa udongo wa kichuguu, ule unapondwa, unamwagiwa maji, unashindiliwa, unakauka unakuwa mgumu kama sakafu.

Kila Jumamosi jioni wazungu walicheza, wawili huku na wawili kule, bwana na bibi dhidi ya bwana na bibi. Wengine walikaa pembeni wakinywa vitu vyao. Mimi nilikuwa mwokota mipira, na hapo ndipo nilipata elimu yangu yote ya tenisi. Yote. Hakuna nyingine niliyoongeza baadaye, na hiyo ndiyo shida tunayoelekea.

Nilivyokuwa mkubwa nikaenda kusomea ualimu, nikarudi kufundisha primary pale pale Voi. Kufikia wakati huo wazungu wengi wa shamba walikuwa wamekwenda zao, klabu imebaki na popo, na uwanja umeota nyasi.

Meneja mpya alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu wa gofu. Nikamwomba huo uwanja. Akaniambia, "Mwalimu, chukua, ila ndovu wakipita hapo usije kwangu kulia."

Alidhani anatania. Siku moja baada ya mvua kweli ndovu walikata katikati ya uwanja, wakaacha mashimo ya kuogea mtoto. Tulijaza udongo wiki nzima. Lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Nikafufua uwanja. Mistari ya zamani ilikuwa bado inaonekana kidogo, nikaipitia upya kwa chokaa. Kwa wale hawajui, uwanja wa tenisi kila upande una mistari miwili mirefu, wa ndani na wa nje, na katikati yake kuna njia nyembamba inakwenda urefu wote wa uwanja. Hizo njia mimi nilizipa jina: vichochoro. Niliziona kama siri ya mchezo. Kila mzungu aliyepiga mpira ukaanguka kichochoroni alipigiwa makofi.

Nikanunua suruali ndefu nyeupe kwa fundi wa Kihindi pale mjini, sababu meneja wa zamani alikuwa na kama hiyo. Vumbi la Voi mnalijua. Nilikuwa nafika uwanjani mweupe, narudi nyumbani rangi ya tofali. Mama watoto aliniambia kama tenisi ni ya watu wa maana basi wawe wanajifulia.

Sasa nikaanzisha tenisi ya Voi. Walimu, makarani wa reli, muuza duka mmoja wa nguo. Mimi ndiye kocha, mimi ndiye refa, mimi ndiye sheria. Kukiwa na ubishi watu wanasema, "Muulizeni Mwalimu, yeye alikuwa na wazungu."

Na mimi najibu bila kupepesa macho.

Wakuu, uongo mtu anaouamini mwenyewe ni mbaya sana. Nilikuwa na confidence ya kuuza.

Basi kulikuwa na msichana darasani kwangu anaitwa Mghoi. Baba yake, Mzee Mwadime, alikuwa mkulima wa mboga kule juu Werugha, na Mghoi alikaa Voi kwa shangazi yake sababu ya shule. Mrefu, mwembamba, mkimya. Ukimuuliza swali anafikiria kwanza, tabia ambayo mimi sikuwa nayo.

Siku ya kwanza kumpa raketi, nilimrushia mpira, akaurudisha. Nikamrushia mwingine kwa nguvu, akaurudisha. Nikaudhika kidogo, nikapiga ule wa kumkomoa, mbali kule kichochoroni. Akakimbia, akaufikia, akanirudishia miguuni kwangu nikaruka kama nimeona nyoka.

Makarani wa reli walicheka hadi wakakaa chini.

Usiku huo, jameni, sikulala kwa furaha. Nilijua nimepata mtu.

Kuanzia hapo nikamshika. Asubuhi kabla ya shule, jioni baada ya shule, na hata alipokwenda secondary, kila likizo na kila wikendi. Na mafundisho yangu makubwa yalikuwa matatu, nayaandika hapa mcheke vizuri.

La kwanza: lenga kichochoro. "Mghoi, kichochoro! Mghoi, kichochoro!" Nilipiga kelele hiyo mpaka watoto wa jirani wakawa wananiita Mwalimu Kichochoro. Akawa na shabaha ya kutisha. Ukiweka kopo pale anagonga kopo.

La pili: linda vichochoro vyako. Yaani msichana mmoja alikuwa analinda uwanja wote, kutoka mstari wa nje huku hadi mstari wa nje kule. Alikimbia kwenye jua la Voi la saa tisa. Mara ya kwanza alitapika. Baadaye akazoea.

La tatu, na hapa naomba heshima kidogo: ukikosa mpira, sema "sorry partner." Wale mabwana na mabibi walikuwa wanasema hivyo kila wakikosa, nami nikachukulia ni adabu ya mchezo, kama vile kusema bismillahi kabla ya kula. Kwa hiyo Mghoi, akiwa peke yake upande wake, akikosa mpira anainamisha kichwa na kusema, "Sorry partner."

Tenisi yote ya Voi ilikuwa inasema hivyo. Karani wa reli akikosa, sorry partner. Muuza duka akikosa, sorry partner. Hakuna hata mmoja aliyeuliza partner ni nani.

Naona kuna mwanachama ameshaelewa hii stori inakwenda wapi. Tafadhali nyamaza, usiharibie wenzako.

Mwisho wa miaka ya sabini hivi, Mghoi alimaliza form four. Baba yake akamtafutia nafasi ya kusomea unesi, akaipata, na siku ya kuripoti ilikuwa Jumatatu fulani. Wakati ule nafasi ya unesi haikuwa mchezo. Ni mshahara, ni nyumba, ni heshima kanisani. Ukiiacha, kuna wasichana wengi nyuma yako wanaisubiri.

Lakini Mghoi aliniambia jambo moja tukiwa tunakunja neti. Akasema, "Mwalimu, mimi nataka kucheza. Nataka iwe ndiyo kazi yangu."

Kazi! Tenisi! Mtoto wa Werugha! Hakuna mtu sisi tulimjua aliyelipwa kupiga mpira wa tenisi. Lakini alivyosema, aliniangalia usoni, na yeye hakuwa mtu wa kuangalia watu usoni ovyo.

Nilikuwa nimesikia kuna mashindano ya vijana Mombasa, kwenye klabu moja kubwa, wikendi ile ile kabla ya Jumatatu, kuanzia Ijumaa. Watakuja makocha kutoka Nairobi. Nikapanda mlima hadi Werugha kumwomba Mzee Mwadime.

Mzee alinisikiliza. Alikuwa mtu wa maneno machache na swali moja. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe unajua hiyo kitu?"

Nikamwambia, "Mzee, katika wilaya hii hakuna anayeijua kunishinda."

Na haikuwa uongo, mkifikiria.

Akasema sawa, aende Mombasa. Akipata mtu wa kumchukua, tutaongea. Asipopata, Jumatatu yuko hospitali na hayo mambo ya raketi yameisha. "Naye atakwenda kwa sababu wewe uko naye," akaongeza. "Mimi hiyo tenisi siijui. Wewe nakujua."

Nilishuka mlima kifua mbele.

Mombasa. Klabu yenyewe ilikuwa na nyasi zimekatwa kama zulia, na uwanja wa simenti umepakwa rangi ya kijani. Watoto wamevaa nyeupe kutoka kichwani hadi viatuni. Mghoi alikuwa na sketi iliyoshonwa na shangazi yake na viatu vya raba vya shule. Mimi nilikuwa na ile suruali, nimeipiga pasi, na filimbi shingoni. Filimbi ya nini, msiniulize.

Mechi ya kwanza, Ijumaa jioni, alipangiwa binti mmoja wa pale pale klabu, mwenye sketi ya mikunjo na raketi mbili. Mbili! Sisi tulikuwa na moja, na kamba mbili zake nilikuwa nimezifunga na uzi wa kushonea viatu.

Mpira wa kwanza, Mghoi akapiga ule wake. Mzuri, wa chini, wa kasi, katikati ya kichochoro. Yule binti hata hakukimbia.

Nikapiga makofi peke yangu.

"Nje," refa akasema.

Nikadhani amekosea. Makosa hutokea.

Mpira wa pili, kichochoro. "Nje." Wa tatu, kichochoro, tena hapo unaona alama ya mpira kabisa. "Nje." Na kila mara Mghoi anainamisha kichwa: "Sorry partner." Kuna vijana walikuwa wamekaa kwenye ngazi, wakaanza kuangaliana. Halafu wakaanza kuangalia kama kuna mtu amejificha upande wa Mghoi.

Seti ya kwanza iliisha kabla chai yangu haijapoa. Mghoi alipata game moja tu, na hiyo ni kwa sababu yule binti alipiga nje mwenyewe.

Damu ikanipanda. Nikajiambia, ndiyo haya, watoto wa wakubwa wanabebwa, mtoto wa mkulima anaonewa. Nikaingia uwanjani. Wakuu, niliingia ndani ya uwanja, na filimbi nikapuliza!

Refa alikuwa mzee wa Kimombasa, kofia nyeupe, mpole. Akashuka kwenye kiti chake kirefu. "Bwana, una nini?"

"Hiyo mipira imeingia! Kila mtu ameona! Iko ndani ya mstari!"

"Mstari upi, bwana wangu?"

Nikaenda nikasimama juu ya mstari wa nje, nikaukanyaga kwa kiatu. "Huu!"

Akaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliniudhi zaidi. Akasema, "Huo ni mstari wa wachezaji wanne, bwana. Wakiwa wanne, hutumika wa nje. Wakiwa wawili, kama hivi, hutumika wa ndani. Hapo pembeni huwa ni nje."

Sasa mtu mwenye akili hapo angenyamaza. Mimi nilisema, kwa sauti ya kusikika hadi feri ya Likoni, "Mzee, mimi nimejifunza mchezo huu kwa wenyewe. Usinifundishe!"

Wale vijana wa kwenye ngazi walilala wakicheka.

Na hapo, nikiwa bado nimenyoosha kidole, picha zote za Jumamosi zikanijia kichwani. Wawili huku, wawili kule. Bwana na bibi. Kila Jumamosi ya utoto wangu. Sikuwahi hata mara moja kuona watu wawili peke yao wakicheza tenisi. Hata "partner" nikamwelewa ni nani, pale pale, mbele ya watu.

Nikageuka kumwangalia Mghoi. Alikuwa amesimama ameshika raketi, anaangalia ile mistari, anafikiria.

Nilitaka kumwambia kitu lakini sikupewa nafasi. Walikuja wanaume wawili wa klabu wakanishika mkono mmoja huku, mwingine kule, kwa heshima, wakanitoa hadi nje ya geti. Wakamwambia askari wa geti asiniruhusu kurudi hadi mechi iishe.

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara, na suruali yangu nyeupe.

Hapo ndipo niliumia, ndugu zangu. Si ile aibu, aibu nilikuwa nimeizoea. Nilikuwa nasikia mpira ukipigwa ndani, pa, pa, pa, halafu makofi. Kila makofi yakipigwa najua ni ya yule binti wa mikunjo. Nilikuwa nimemchukua mtoto wa watu akiwa mdogo, nimemkimbiza juani hadi akatapika, nikamfundisha kwa bidii zote namna ya kupiga mpira nje. Sasa Jumatatu ataenda hospitali, na maisha yake yote atakumbuka kwamba alijaribu, akachekwa.

Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Mzee Mwadime.

Askari akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Halafu geti likafunguka, Mghoi akatoka, jasho linatiririka hadi kwenye viatu.

"Mwalimu, tumeshinda."

"Tumeshinda nini?"

"Mechi."

Nikamwambia asinitanie. Akaniambia hatanii. Eti baada ya mimi kutolewa, alimwendea yule mzee refa, akamwomba amwonyeshe mstari ni upi. Mzee akamwonyesha kwa kidole, hapa ndani, hapa nje, basi. Mghoi akasema ahsante, akarudi mahali pake.

Kupiga kwenye mstari wa ndani badala ya kichochoro kwake ilikuwa ni kusogeza tu macho kidogo. Na kulinda? Jameni, mtu aliyezoea kulinda uwanja wa watu wawili, ukimpunguzia ukubwa, anaona kama amepewa likizo. Yule binti kila alichopiga kilirudi. Seti ya pili Mghoi, ya tatu Mghoi. Makofi yote niliyoyasikia pale nje yalikuwa yake.

Nilimkumbatia, nikalia kidogo. Nikaanza kumweleza mipango ya mechi ya kesho.

Akainamisha macho. Kwa adabu zote za msichana wa Kitaita mbele ya mwalimu wake, akasema, "Mwalimu, kesho naomba... ungoje tu hapa nje."

Wueh.

Askari alikohoa akageukia ukutani.

Kesho yake nilingoja nje. Alishinda asubuhi, akashinda mchana. Mimi na yule askari tukawa marafiki, tukala mahamri, nikamweleza siri za tenisi, alinisikiliza bila kuamini hata neno moja.

Fainali tu, Jumapili asubuhi, ndiyo Mghoi alinihurumia akaniruhusu kuketi nyuma kabisa, nikaacha filimbi kwa askari. Mghoi alicheza na msichana wa Nairobi, na huyo alikuwa amefundishwa kweli. Alimshinda Mghoi, lakini alitoka uwanjani anachechemea, na Mghoi bado alikuwa anaweza kukimbia hadi Mariakani.

Kocha wa yule msichana alikuwa mama mmoja mfupi, Bi Perpetua, sauti ya headmistress. Akaja moja kwa moja. "Nani anamfundisha huyu?"

Nikasimama. Nikajipangusa suruali.

Akaniangalia juu hadi chini. "Miguu hii sijawahi kuona. Hakuna mpira anaoshindwa kufikia. Mikono tutaanza upya. Kushika raketi, upya. Servis, upya kabisa. Na hiyo 'sorry partner' iishe leo."

Akasema kuna kampuni Nairobi inaweza kumwajiri ofisini nusu siku, nusu siku anafanya mazoezi kwenye klabu yake. Akae kwake na mabinti zake. Akikubali kufanya kazi, baada ya muda atampeleka nje kucheza na wanaolipwa. Lakini nafasi ni sasa, wiki hii, kabla kampuni haijampa mtu mwingine.

Nikauliza mimi nitakaa wapi.

"Wewe?" akasema. "Mwalimu, wewe usije. Samahani. Na kwa mwaka wa kwanza, tafadhali, usimpe ushauri wowote."

Nilimshukuru. Sijui nilimshukuru nini.

Jumapili hiyo mchana tukapanda basi kurudi. Basi lilisimama Miasenyi, akina mama wakaja madirishani na mahindi ya kuchoma, nikamnunulia Mghoi moja. Akalishika bila kula. Akasema, "Mwalimu, baba hatakubali kama wewe huendi."

Alikuwa anasema kweli, na wote wawili tulijua.

Na niwaambie kitu cha moyoni, kwa kuwa humu hamnijui. Nilifikiria kuliacha jambo lenyewe lianguke. Nilijiambia nikimwambia tu Mzee kwamba mimi siendi, atakataa mwenyewe, Mghoi ataenda unesi hapa hapa karibu, jioni atakuja uwanjani kama zamani, nami nitabaki kuwa kocha. Hakuna mtu angenilaumu. Nililifikiria hilo kutoka Miasenyi hadi Voi, na lilikuwa tamu.

Jumapili hiyo jioni tukapanda Werugha. Mama Mghoi alikuwa ametengeneza kimanga, mihogo na maharagwe ya kupondwa, baridi ya mlimani inauma, Mzee amekaa na koti lake la kanisani.

Nikamweleza habari ya Bi Perpetua, ya kazi, ya nafasi. Akasikiliza yote. Akauliza swali lake moja.

"Na wewe utakuwa naye?"

"Hapana, Mzee."

Akaweka kikombe chini. "Kwa nini? Si wewe ndiye unajua?"

Mghoi alikuwa mlangoni. Nilimwona amefunga macho.

Basi nikasema yote. Nikachukua kijiti, nikachora uwanja pale kwenye udongo wa sakafu, mstari wa ndani, mstari wa nje. Nikamwambia miaka yote hii nimemfundisha mtoto wako kupiga mpira hapa, na hapa ni nje. Nimemfundisha kulinda hapa, na hapa halindi mtu. Nimemfundisha kumwomba msamaha mtu ambaye hayupo. Nilifukuzwa uwanjani kama mwizi, na nilipofukuzwa tu, akaanza kushinda.

Mzee akauinamia mchoro.

"Kwa hivyo mlikuwa mnalima shamba la jirani," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Miaka yote hiyo."

"Yote, Mzee." Nikaona heri nimalizie kabla sijalia mbele ya mke wake. "Ndiyo maana nakuomba umwache aende. Mimi nimemfundisha makosa kila siku, kwa nguvu zangu zote, na nimeshindwa kumharibu. Hebu fikiria akipata mtu anayejua."

Halafu Mzee Mwadime akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Mtu ambaye sikuwahi kuona meno yake alicheka hadi koti likafunguka kifungo. Mama Mghoi akatokea jikoni kuuliza kuna nini, akaelezwa kwa Kidawida, yaani Kitaita, naye akashika mlango akicheka. Mghoi peke yake ndiye alikuwa analia.

Mzee akapangusa macho. "Aende," akasema. "Mwalimu anayeweza kusema hivyo hawezi kuwa amenidanganya."

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza stendi ya Voi kupanda basi la Nairobi. Shangazi alikuwepo, makarani wa reli walikuwepo, hata muuza duka alifunga duka. Kila mmoja alikuwa na ushauri. Nami nilikuwa nao, mkubwa kuliko wote, nimeufikiria usiku kucha, kuhusu servis.

Akanifikia wa mwisho. Nikafungua mdomo.

Nikaufunga.

Nikampa mkono tu. Na hiyo, wakuu, ndiyo coaching bora niliyowahi kufanya maishani mwangu.

Kwa wale watauliza: ndiyo, alifika. Si kule kwenye mashindano makubwa kabisa ya televisheni, msimtafute huko. Lakini alichezea nchi, halafu akaenda nje, na kwa miaka kadhaa aliishi kwa raketi, akalipwa kwa kupiga mpira kama alivyosema. Leo anafundisha watoto, na mimi nasikia ni mkali sana kwenye mistari.

Tenisi ya Voi nilikwenda kuisahihisha. Karani mmoja wa reli alikataa katakata, akasema yeye amezoea vichochoro, akaacha kucheza na akaninunia hadi alipostaafu.

Somo nililopata ni hili. Ukimpata mtoto mwenye kipaji kukushinda, na usidanganyike, atakuwa amekushinda, kazi yako ni kumfikisha kwa anayejua halafu umwachie. Kumfikisha si kazi ngumu, mimi nilimfikisha kwa kubahatisha. Kumwachia kuliniuma. Bado kunaniuma, nikiona picha yake na watoto wake wa tenisi, naona nafasi niliyotaka kusimama mimi.

Lakini amesimama yeye, na mistari iko sawa.

Sasa nyinyi. Nani hapa alifundishwa vibaya na mwalimu aliyempenda? Shukeni hapo chini mseme bila kuogopa. Na kama wewe ndiye ulikuwa huyo mwalimu, njoo ukae hapa karibu na mimi, nafasi ipo.